Mshauri nasaha wa bei nafuu, bila kadi ya bima

*Nauza kwenye duka la jumla mjini. Tangu mwaka jana usingizi umenikimbia, moyo unanienda mbio bila sababu. Kadi ya bima ninayo kupitia kazi, lakini sitaki ofisi ijue. Niliuliza mahali Kilimani nikaambiwa 4,000 kwa kikao. Naweza kutenga 3,000 kwa mwezi, basi. Nianzie wapi?*
Asiyelala, Umoja

Ndugu yetu, 4,000 hawakukuonea. Upande wa Kilimani na Westlands hapa Nairobi, kikao cha 3,000 hadi 5,000 ni cha kawaida. Ila washauri wengi huweka nafasi chache za watu wanaolipa kulingana na kipato, na nafasi hizo hazibandikwi mlangoni. Ukiuliza tu "ni pesa ngapi?" utatajiwa bei kamili na mazungumzo yataishia hapo. Na ukisema "nipunguzie kidogo", umeingia soko la Gikomba: utapunguziwa mia tano, bado hutaweza.

Tuma ujumbe wenye hesabu ndani yake:

"Habari. Natafuta mshauri kwa sababu ya wasiwasi na kukosa usingizi. Nitalipa mwenyewe, situmii bima. Ninaweza 1,000 kwa kikao, mara mbili kwa mwezi, kwa miezi mitatu. Je, mna ada ya kulingana na kipato? Kama nafasi zimejaa, kuna mshauri aliye kwenye mafunzo anayesimamiwa, au orodha ya kusubiri? Ninaweza kuja siku za kazi kabla ya saa sita."

Kiasi, mara ngapi, kwa muda gani: hayo matatu ndiyo yanayomwezesha mtu wa mapokezi kumwendea mshauri na kurudi na jibu. Sentensi ya mwisho nayo ina kazi. Jumamosi na jioni hugombaniwa na wanaolipa bei kamili. Jumanne saa nne asubuhi mara nyingi kiti kiko wazi. Kama duka linakupa siku ya mapumziko katikati ya wiki, hiyo ndiyo turufu yako.

Mbona 1,000 na si 1,500, wakati una 3,000? Kwa sababu ya nauli. Kutoka Umoja hadi Mbagathi Way, mathalani, unabadilisha gari mjini. Tuseme 300 kwenda na kurudi: vikao viwili ni 2,600, na 400 inabaki kwa siku ya mvua ambapo matatu zinapandisha bei. Kosa tunaloliona sana ni mtu kuahidi kiasi cha kumfurahisha mshauri, kisha mwezi wa pili anaona haya, anaacha kupokea simu. Afadhali utaje kidogo na ufike vikao sita.

Wa kuandikiwa kwanza ni vituo, kabla ya ofisi za mshauri mmoja mmoja. Amani Counselling Centre, iliyo Mbagathi Way, imekuwa ikifanya kazi hii tangu 1979 na pia hufundisha washauri. Uliza pia vyuo vikuu vinavyofundisha saikolojia ya ushauri, kama Daystar na USIU-Africa, kama wanapokea watu wa nje. Kwa hospitali za umma kuna Kenyatta na Mathari. Na kwa kuwa uko Umoja, pita Mama Lucy Kibaki uulize kliniki ya afya ya akili ni siku gani. Ada ya hospitali ya umma iko chini, lakini foleni ni ndefu na huenda ukakutana na mtu tofauti kila safari. Ni pazuri zaidi ikiwa utahitaji dawa. Hata hivyo mweleze daktari wa kawaida habari za moyo kwenda mbio. Tezi ya shingo ikizidisha kazi huleta dalili hizohizo.

Kuhusu siri: bima hulipa baada ya kupokea fomu ya madai, na fomu hiyo hutaja ugonjwa. Bila fomu, hakuna cha kufika kwa bima wala ofisini kwako. Basi sema "keshi" tangu kwenye kujiandikisha, kabla hujaulizwa kadi, na wakiulizia SHA, bima ya afya ya serikali, waambie unalipa mwenyewe. Wakitaka uthibitisho wa kipato, toa hati ya mshahara. Taarifa ya M-Pesa ya miezi sita usiitoe upesi. Ina majina ya kila mtu uliyemtumia pesa.

Kabla ya kulipa, uliza mambo ambayo hukera watu baadaye: kikao cha kwanza cha kukusikiliza kina ada yake? Ukikosa kufika bila taarifa ya saa 24, unalipishwa? Ada itaangaliwa upya lini?

*Kituo kimenipa mshauri mwanafunzi kwa 500. Nahisi nafanyiwa majaribio.*
Mama wa wawili, Kawangware

Mama, huyo anamalizia saa za mazoezi anazodaiwa na chuo, na kila wiki kazi yake inapitiwa na msimamizi. Mara nyingi huwa na subira na muda ambao mkongwe mwenye watu saba kwa siku hana. Muulize msimamizi wake ni nani na kama vikao vinarekodiwa. Kurekodi bila ridhaa yako hakuruhusiwi.

Tatizo lake hasa ni kalenda. Muhula ukiisha anaondoka, nawe ndiyo kwanza umeanza kufunguka. Siku ya kwanza muulize anaondoka mwezi gani, na nani atakupokea kwa ada hiyohiyo ya 500. Ikiwa unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au una mawazo ya kujiua, usibaki na mwanafunzi peke yake: hapo ni hospitali.

*Nitajuaje kuwa mshauri si tapeli?*
G., Rongai

Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014 iliunda bodi ya kuwasajili. Omba namba ya usajili, kisha uithibitishe kwenye bodi. Daktari wa magonjwa ya akili yuko chini ya baraza la madaktari, KMPDC. Anayetaka ulipie vikao kumi kwa mkupuo, tena kwa namba yake binafsi, mwache aende zake.

*Sina hata mia. Kuna cha bure?*
Kijana wa Huruma

Kuna. Piga 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu, bila malipo. Pombe na dawa za kulevya ni 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi. Watoto ni 116. Ukatili wa kijinsia ni 1195. Vikundi vya Alcoholics Anonymous navyo havitozi kiingilio.

Usiogope kusema kwenye simu kuwa ulijaribu kujiua. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilicholifanya jambo hilo kuwa kosa, kinakiuka Katiba.

Simu hizi hukutuliza usiku huo, lakini hazichukui nafasi ya vikao. Kabla ya kukata, waombe majina ya vituo viwili vilivyo karibu na Huruma, uyaandike.