Nywele za mikunjo zimerudi, tuzivae kwa akili

Tangu niweke mtandaoni picha za bibi harusi wa Jumamosi iliyopita, simu haijatulia. Kuna wanaouliza bei, kuna wanaouliza kama lile ni wigi, na kuna dada mmoja wa Mwanza aliyeniandikia ujumbe mrefu ambao ndio ulionikalisha chini leo. Mdogo wake ana sendofu mwezi ujao. Dada huyu ndiye atakayekaa naye meza ya mbele, na anatamani nywele za mikunjo kama za mama yao kwenye picha za miaka ya 1980. "Lakini dada, naogopa watu watasema nimevaa kizamani," anaandika, "halafu nimeambiwa ile pasi inakata nywele."

Mdogo wangu, hofu zote mbili nazijua vizuri. Kaa nikusimulie.

Kwa asiyezijua, mikunjo ninayoisema ni vile vijituta vidogo vinavyofuatana kutoka juu hadi nchani, kama bati la paa. Pasi yake ina sahani mbili zenye mabonde na matuta yanayoingiana, na saluni nyingi tunaiita krimpa. Ilizaliwa Marekani mwaka 1972, pale mtengeneza nywele Geri Cusenza alipoibuni kwa ajili ya kichwa cha mwimbaji Barbra Streisand. Miaka ya 1980 ikawa kila mahali. Madonna na Cyndi Lauper walipiga picha nayo, na wasichana wakaiga. Ikalala kidogo, ikarudi mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa akina Christina Aguilera na Beyoncé, ikalala tena. Sasa imeamka mara ya tatu, na safari hii binti zetu wanaidai bila kujua kwamba mama zao waliivaa.

Lakini mimi sikuijua mikunjo kwenye picha za Wamarekani. Niliijua Tanga, mikononi mwa shangazi. Usiku wa kuamkia Idi alituketisha mkekani mmoja baada ya mwingine, akalowesha nywele, akapaka mafuta ya nazi, akasuka mabutu membamba yaliyobana mpaka nchani. Tulilala nayo. Asubuhi, baada ya kuvaa, ndipo alipofumua, butu moja moja, bila kuchana. Tulitoka nje tukiwa na nywele zilizojaa, zenye mawimbi, na kila mtoto wa mtaa ule alijua tumetoka kwa shangazi. Hakukuwa na umeme wala dawa katika kazi ile. Kulikuwa na maji, mafuta, vidole na subira ya usiku mzima.

Ndiyo maana nilipoanza kujifunza kazi kwenye saluni moja ya Kariakoo niliamini nina kitu mkononi. Siku moja akaja mteja, msichana wa chuo, akasema amechoka na nywele zilizolala, nimfanyie chochote cha tofauti. Nikampiga njia ya katikati, nikamfanyia mikunjo vishungi viwili vya mbele na kuacha nyuma kumetulia. Alikuwa anajitazama kwenye kioo na kutabasamu pale mwenye saluni alipokuja, akaninyang'anya chanuo mbele ya wateja wote, akasema kwa sauti, "Hizi ni nywele za wamama wa disko. Ukitaka kuzifanya, fungua ya kwako." Akaagiza kichwa kioshwe upya. Yule msichana hakusema neno, na mimi sikusema neno. Nililia kwenye daladala.

Ile sauti bado naisikia, sitawadanganya. Watu husema yaliyopita si ndwele, lakini kuaibishwa mbele za watu kwa kazi uliyoifanya vizuri hakusahauliki haraka. Miaka iliyofuata haina hadithi: nilifua taulo, nilisuka, nikaweka akiba, nikapata chumba changu Sinza.

Basi bibi harusi wa Jumamosi alipokuja na picha ya mama yake ya mwaka 1986, nilihisi nimeletewa deni langu lilipwe. Nywele zake ni za asili, nene, zinafika mabegani zikivutwa. Saluni mbili zilikuwa zimemshauri avae wigi kwa sababu "nywele za asili hazikai". Nikamwambia zitakaa, ila atanipa siku mbili badala ya saa mbili. Alhamisi nilimwosha, nikamtia kondishena, nikazivuta kwa draya ya joto la chini. Ijumaa jioni nikazinyunyizia maji kidogo, nikapaka losheni ya kushikilia, nikasuka mabutu membamba kuanzia usawa wa masikio kushuka chini. Juu sikugusa. Akakaa chini ya draya mpaka yakakauka kabisa, akafunga kitambaa cha hariri, akaenda kulala kwao. Asubuhi nilimfuata nyumbani, nikalaza juu kwa jeli na njia ya katikati, nikafumua, nikatenganisha kwa vidole vyenye matone ya mafuta. Pasi niliigusa kwa vishungi viwili tu vya mbele.

Alipoingia ukumbini vigelegele havikukatika. Mama yake, ambaye siku hizi hatoki bila kilemba, alinishika mkono na kuniuliza kama Jumanne nina nafasi. Na wasusi wa saluni ileile ya Kariakoo wameniandikia wakiuliza nilitumia nini. Inanifurahisha, na sioni sababu ya kuficha. Nimewajibu wote.

Sasa hofu yako ya kwanza, ya kuonekana wa kizamani. Kinachoifanya mikunjo ionekane ya zamani ni kuifanya kichwa kizima, kutoka kwenye ngozi mpaka nchani, pembeni kumefumuka na juu kumesimama. Hivyo ndivyo ilivyovaliwa wakati ule na ilipendeza wakati ule. Leo chagua sehemu. Juu pakiwa pamelala na pamenyooka, chini panaruhusiwa kucheza. Au bana nywele zote nyuma na uache vishungi viwili usoni. Au fanya mkia mrefu ambao mkia wenyewe ndio wenye mikunjo. Wewe unayekaa meza ya mbele na utapigwa picha kutoka pande zote, nakushauri huo mkia. Hauharibiki mtu akikukumbatia.

Kuna namna nyingine ambayo mimi naipenda kuliko zote na wateja hawaioni kabisa. Ukiwa na nywele nyepesi, unainua tabaka la juu, unabana mikunjo midogo kwenye shina la nywele za chini, sentimita chache tu kutoka kwenye ngozi, kisha unalirudisha tabaka la juu na kulifunika. Nywele zinanyanyuka kana kwamba umeongeza kitu. Nimewafanyia wamama wengi waliopungukiwa nywele baada ya kujifungua, na wanatoka wameinua vichwa.

Hofu ya pili, ya pasi kukata nywele, ni ya kweli, na hapa nataka unisikilize. Pasi inakata nywele mbichi. Maji yanachemka kwa nyuzi 100 na sahani zako ziko juu zaidi ya hapo. Ukibana nywele yenye maji, yale maji yanageuka mvuke ndani ya unywele wenyewe, yanaupasua kutokea ndani, na baada ya wiki chache unaukuta kwenye chanuo. Ukisikia nywele zinalia chii na kuona mvuke, ondoa pasi, rudi kwenye draya. Mimi kwa nywele zenye dawa au rangi siendi zaidi ya nyuzi 160, na kwa nywele za asili nene zenye afya naishia 180. Spreyi ya kukinga joto kwanza, iache ikauke, kisha shungi moja jembamba, bana, hesabu moja mbili tatu, achia, shuka chini. Kila sehemu mara moja. Anayebana mara tatu mahali pamoja ana shungi nene mno au pasi isiyopata moto sawasawa.

Halafu usiguse. Unywele una viungo vidogo vya ndani vinavyoachia kwa joto au kwa maji na kushikana tena unywele unapopoa au kukauka. Ule mkunjo unajikaza wakati wa kupoa, kwa hiyo anayechana nywele zikiwa za moto anafuta kazi yake mwenyewe. Mabutu nayo ni vilevile: ukifumua yakiwa na unyevu ndani, baada ya saa moja huna mikunjo, una nywele zilizovurugika. Shangazi hakuwa na haja ya maelezo haya. Alitungoja tulale.

Na kwa sababu hiyohiyo, tuliozaliwa na nywele za kipilipili na tunaoishi kwenye unyevu wa Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, mikunjo ya pasi peke yake itatusaliti. Jasho la ukumbini likifika, nywele inarudi kwake. Mabutu yanakaa zaidi kwa sababu yamefungwa kwa maji tangu mwanzo na hayapingani na unywele. Kwenu Mwanza pia ziwa liko jirani, usijidanganye. Wenye nywele za dawa ndio wanaofaidi pasi zaidi, lakini dawa ilishavunja kiungo kigumu cha unywele ili unyooke, kwa hiyo nywele hizo zina nguvu kidogo. Ukiweka dawa leo, krimpa ingoje wiki mbili.

Kuhusu rasta: usipitishe krimpa juu ya rasta za kawaida. Zile ni nyuzi za kutengenezwa kiwandani, zinayeyuka na kugandia kwenye sahani. Ukitaka rasta zenye mikunjo, zisuke mabutu zikiwa bado hazijaingia kichwani, zichovye kwenye maji yaliyochemka, zianike zipoe na kukauka, kisha zifumue. Mikunjo hiyo hudumu mpaka unapoondoa rasta zako.

Kitu kingine ninachoulizwa ni pasi zinazotumwa na ndugu walioko Marekani. Soma maandishi ya kwenye mshikio kabla ya kuchomeka. Ikiandikwa 120V pekee, umeme wetu wa volti 230 utaiunguza, na ukikosa bahati utaunguza na nywele zilizomo. Iliyoandikwa 100–240V haina tatizo, badilisha plagi tu.

Wasusi wenzangu, na nyinyi nina neno lenu, hasa wadogo mnaojifunza. Mteja anapowaletea picha ya mama yake, msicheke. Msimkimbize kwenye wigi kwa sababu wigi linaingiza hela haraka. Mguseni nywele, muulizeni ana dawa au hana, amezipaka rangi lini, shughuli iko ukumbini au nje juani. Na wenye saluni, mwanafunzi akijaribu kitu na mteja akatabasamu, mwacheni amalize. Mkiona kosa, mwiteni pembeni. Sisi tunashika vichwa vya watu, na kichwa cha mtu kina heshima yake, awe ameketi kwenye kiti au amesimama nyuma ya kiti akijifunza. Mtu hawezi kubuni chochote akiwa anatetemeka.

Na nyinyi wateja, mnaofika saa nne asubuhi mkitaka kutoka saa tano mkiwa na nywele za picha, mnajiumiza wenyewe. Msusi anayekukubalia haraka hiyo ataongeza moto ili akuwahishe. Lipia muda wake, mpe siku yake.

Dada wa Mwanza, fanya jaribio wiki mbili kabla ya sendofu, siyo asubuhi yenyewe. Nenda na picha ya mama. Mwambie msusi wako aanze na shungi moja la kichogoni, mahali pasipoonekana, aliache lipoe, alivute taratibu. Likikatika au likinuka kuungua, pasi ikae pembeni na msuke mabutu. Usiku wa kuamkia shughuli lala na kitambaa cha hariri au satini, maana pamba hunyonya mafuta yote. Asubuhi usipitishe chanuo, tumia vidole. Baada ya shughuli, ukitaka kuitoa, osha kwa shampuu isiyo kali, paka kondishena ya kutosha, chana kuanzia nchani kupanda juu, kisha zipumzishe nywele na moto angalau wiki mbili. Ukinitumia picha ya nywele zako kabla ya kwenda kwa msusi, pamoja na tarehe ya mwisho uliyoweka dawa, nitakuambia pasi iwekwe kwenye nyuzi ngapi.