Ukitaka Kuishi na Punda Milia, Anzia Kwenye Boma

Kila nikikutana na mtu aliyerithi au kununua shamba kubwa huku Laikipia, swali ni lile lile: hawa wanyamapori nifanye nao nini? Wengi hutarajia nianze na habari za watalii. Mimi huuliza kwanza kondoo wao wanalala wapi.

Nilijifunza kwa hasara. Nilipoachiwa ranchi ya familia, yenye ng'ombe wa Boran na kondoo kama mia tatu, kichwa changu kilijaa maneno ya uhifadhi huku boma langu likiwa la miiba iliyokauka. Usiku mmoja wa mvua fisi walipita penye tawi lililolegea. Tundu lenyewe halikuzidi upana wa ndoo. Kulipokucha tulihesabu kondoo kumi na saba chini, wengi wameraruliwa tu, hawakuliwa. Saa tatu jirani akaja na chupa ya dawa ya wadudu ndani ya mfuko. "Nyunyizia mizoga. Hutasumbuliwa tena." Kwa hasira niliyokuwa nayo, niliipokea.

Mchungaji wangu, mzee kunishinda kwa miaka thelathini, hakubishana nami. Aliinua fimbo kuelekeza angani, tumbusi wakiwa wameshaanza kuzunguka. "Watakufa hao kwanza, kijana wangu, kisha mbwa wako." Tulichimba shimo tukazika mizoga yote. Mzoga mmoja wenye sumu huweza kuua makumi ya tumbusi kwa siku moja, na tumbusi mgongo-mweupe yuko miongoni mwa ndege walio ukingoni kabisa mwa kutoweka. Fomu ya fidia nilijaza pia. Mpaka leo nangoja.

Kwa hiyo fedha yako ya kwanza isiende kwenye bango la getini. Nunua vipande vya chuma vya boma, vile vinavyounganishwa na kuhamishwa. Ni ghali, ndiyo. Mimi nilianza na vya kondoo tu, ng'ombe wakasubiri mwaka mzima. Lakini ukihamisha boma kila baada ya wiki kadhaa, samadi inabaki nyuma yako, na mvua ikinyesha panaota nyasi fupi, tamu, ambazo swala na punda milia huzifuata. Mahali palipokuwa boma huweza kubaki uwanja wa malisho kwa miongo kadhaa. Kwetu kuna mahali pamoja ambapo marehemu babu alilaza ng'ombe wake. Hata kiangazi utamkuta mnyama pale.

Punda milia ninayemsema hasa ni yule wa Grevy, mwenye masikio makubwa ya mviringo, mistari myembamba na tumbo jeupe. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikadiriwa kuwa kama 15,000. Leo wamebaki kama 3,000, wengi wao hapa Kenya. Shida yake kubwa kwenye ranchi ni maji. Mchana kutwa mifugo na watu wamejaa birikani, basi yeye hungoja giza, saa ambazo simba naye yuko hapo. Jike anayenyonyesha hawezi kukaa siku nyingi bila kunywa kama wenzake. Tulichofanya hakikugharimu shilingi: mifugo hunywa na kuondoka kabla ya saa tisa alasiri, na birika linaachwa limejaa. Wiki za kwanza hakuja hata mmoja. Kisha asubuhi moja nikaona kwato za mtoto kwenye tope.

Mbwa wako wachanje, kichaa na distempa (ugonjwa wa virusi wa mbwa), wote hata yule koko wa jikoni. Mwaka 2017 distempa iliwafyeka mbwa mwitu wa Laikipia, tena waliokuwa wamerudi wenyewe baada ya miaka mingi. Na josho usiliache: ng'ombe anayeogeshwa hukusanya kupe malishoni wakafia mwilini mwake, na wanyama wa porini wananufaika bila kujua.

Kuhusu makaratasi, sheria ya wanyamapori ya 2013 inakuruhusu kusajili hifadhi kwenye ardhi yako, peke yako au na majirani. Usikimbilie. Punda milia wa Grevy husafiri makumi ya kilomita, ranchi yako kwake ni kituo tu. Kanywe chai kwanza na wenye mashamba ya pande zote nne, hasa yule usiyeelewana naye. Na watalii? Sisi bado tunakula kwa ng'ombe. Anayekuahidi vinginevyo mwombe akuonyeshe hesabu.

Jirani yangu wa ile chupa hatujakubaliana kuhusu fisi. Ila mwaka jana, baada ya kupoteza mbuzi wawili, alituma kijana wake aniazime vipande vinane vya boma. Hajavirudisha, nami sijamuuliza.