Kompyuta za Msaada Shuleni: Tuzipokee kwa Masharti Gani?

Swali: Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Kagera. Kikundi cha vijana wanaojitolea kutoka Ulaya kimetuandikia barua kikitaka kutuletea kompyuta mpakato ndogo 30 za bei nafuu, na kukaa nasi majuma matatu kuwafundisha watoto. Wazazi wamefurahi mno, lakini mwalimu mkuu anasita, kwa kuwa tuna chumba kimoja tu chenye umeme na darasa la tano peke yake lina watoto zaidi ya 80. Je, tupokee au tukatae?

Jibu: Mwalimu, pokeeni, ila kwanza kaeni na vijana hao mkaulizane habari za juma la nne, watakapokuwa wamekwisha kurudi kwao.

Njia hii imekwisha kupitiwa na wengine. Mwaka 2005 Nicholas Negroponte wa Marekani alitangaza mpango wa One Laptop per Child (yaani kompyuta mpakato moja kwa kila mtoto), uliokusudia kuwapatia watoto wa nchi maskini kompyuta ya dola 100. Bei hiyo haikufikiwa, kwani zilipoanza kutengenezwa kwa wingi mwishoni mwa 2007 kila moja iligharimu karibu dola 200. Hata hivyo mashine yenyewe ilibuniwa na watu waliomfikiria mtoto kwa dhati: kibodi yake ni kipande kimoja cha mpira wa kijani kinachozuia vumbi na maji, kimepimwa kwa vidole vidogo, na kioo chake husomeka hata juani, hivyo mtoto anaweza kukaa nje chini ya mwembe akaendelea kusoma. Jirani zenu wa Rwanda waligawa zaidi ya 200,000. Mwaka 2009 wanafunzi wa vyuo vikuu waliojitolea katika mpango huo walikusanyika Kigali kupewa mafunzo, kisha wakatawanyika katika nchi mbalimbali za Afrika, kila kikundi kikiwa na kompyuta 100 na dola 10,000 za kuendeshea kazi.

Kasoro zilijitokeza katika mambo yaliyoizunguka mashine. Nchini Peru, ambako nako kompyuta hizo ziligawiwa, utafiti uliotolewa mwaka 2012, uliohusisha shule 319 za vijijini, haukuona nyongeza yoyote katika alama za hisabati na lugha, ingawa watoto walikuwa wamezizoea kompyuta vizuri na baadhi ya vipimo vya kufikiri vilionyesha nafuu. Shule nyingi hazikuwa na intaneti, na masomo yaliendelea kufundishwa kama zamani. Uruguay ilianza kuzigawa mwaka 2007 na kufikia 2009 ilikuwa imewafikia wanafunzi wa shule zote za msingi za serikali. Huko waliojitolea kusaidia walikuwa wananchi wenyewe, waliobaki hapo hapo mashine zilipoanza kuharibika. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko idadi ya kompyuta.

Niliwahi kufunguliwa kabati katika shule moja, nikakuta kompyuta za msaada zimepangwa vizuri kama vitabu, nyaya za chaja zimeviringwa kwa mipira, na vumbi limetanda juu yake. Hazikuwa mbovu, ila betri zilikuwa zimekufa, na mwalimu pekee aliyefundishwa kuzitumia alikuwa amehamishwa. Iliniuma sana.

Kwa hiyo waombeni vijana hao majuma mawili kati ya hayo matatu yawe ya walimu, tena wasiopungua wanne, ili uhamisho wa mmoja usiue kazi yote. Waombeni betri na chaja za akiba, na wakutane na fundi wa Bukoba atakayeziangalia mkiwa peke yenu. Intaneti isiwatishe: kwa programu ya Kiwix, Wikipedia ya Kiswahili inaweza kuwekwa yote ndani ya kompyuta na kusomwa bila mtandao. Darasa la watoto 80 litakaa watatu watatu kwa kila mashine. Hakikisheni watoto wanapokezana kibodi, maana mara nyingi mtoto mchangamfu huishikilia kipindi kizima na wenzake wakabaki watazamaji. Wakati wa kuchaji, msiunganishe chaja zote kwenye soketi moja. Mwiteni fundi umeme akague chumba hicho kabla mizigo haijafika.

Mkishakubaliana, andikeni yote katika muhtasari wa kikao cha kamati ya shule, pamoja na jina la atakayeshika ufunguo wa chumba wakati wa likizo.