Mpango upimwe kabla haujapitishwa

SWALI: Shikamoo mama. Ninaishi Kigogo, Dar es Salaam, karibu na bonde la mto Msimbazi. Majuzi mwenyekiti wa mtaa alituita kikaoni, tukaoneshwa ramani ya kupanga upya eneo letu: barabara, maghala, na sehemu iliyopakwa rangi ya kijani. Mzee mmoja akauliza athari kwa mazingira zitapimwa lini. Akajibiwa kwamba kila mradi utapimwa utakapoanza, kwa sasa tupitishe mpango tu. Je, ndivyo sheria inavyosema?
Msomaji, Kigogo

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana, sivyo, na huyo mzee wenu muungeni mkono.

Tathmini ziko mbili. Iliyozoeleka ni TAM, Tathmini ya Athari kwa Mazingira: mtu anataka kujenga ghala, anaajiri mtaalamu, ripoti inapelekwa NEMC, chombo cha serikali kinachosimamia mazingira. Ya pili wengi hawajaisikia, nayo ni Tathmini ya Mazingira Kimkakati. Hii inapima sera, programu au mpango wenyewe ukiwa bado rasimu. Imo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 104, na kanuni zake zilitoka 2008.

Nimefanya kazi ya mipango miji hadi kustaafu, na jambo hili linaniuma. Ramani ikishagongwa muhuri, ghala limeshapewa mahali pake. TAM itakayokuja baadaye itauliza mtaro uwe na upana gani na oili chafu imwagwe wapi. Kama maghala yanafaa kukaa bondeni kabisa, hakuna atakayeuliza tena.

Halafu kuna maji ya juu. Msimbazi unaanzia vilima vya Kisarawe, unapita Vingunguti na Tabata, unafika kwenu, kisha Jangwani, ndipo unaingia baharini kwenye mikoko ya Salenda. Kila uwanja unaomwagiwa zege huko juu unaharakisha maji kuja kwenu. Ukipima kiwanja kimoja kimoja, kila ripoti itasema athari ni ndogo, na kwa kiwanja hicho kimoja ni kweli. Mafuriko yanatokana na jumla yake, na jumla hiyo inaonekana tu ukipima mpango mzima. Waliohamishiwa Mabwepande baada ya mafuriko ya Desemba 2011 wanalijua bonde hili kuliko ripoti yoyote. Hata leo mvua ikikolea, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, na mabasi ya mwendokasi hukwama.

Kwa hiyo kikao kijacho msiulize tu "ripoti iko wapi". Ulizeni waliopanga walilinganisha eneo lenu na maeneo gani mengine, na kama walifikiria pia kuacha bonde lilivyo. Ulizeni maji ya kutoka juu yamehesabiwa wapi. Mkiambiwa huu ni mpango wa mtaa tu, ulizeni umetokana na mpango upi mkubwa, na huo ulipimwa lini. Chukueni pia futi kamba: kifungu cha 57 cha sheria hiyo hiyo kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ramani inasemaje?

Na ile rangi ya kijani, yaani eneo la wazi, mimi siiamini mpaka nione imeandikwa nani ataitunza na kwa fedha ipi. Maeneo ya wazi mangapi ya jiji hili yamegeuka viwanja?

Hakikisheni maswali yenu yameandikwa kwenye muhtasari wa kikao. Kisha andikeni barua kwa mkurugenzi wa halmashauri kuomba nakala ya tathmini, mkitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayompa siku 30 kujibu. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na mrudi nayo. Fanyeni hivyo wiki hii, rasimu ikiwa bado rasimu.