“Pili za bakteria” halafu za kwanza ziko wapi?

Msomaji wetu anayesomea afya ya mifugo kaandika hivi: “Mwalimu shikamoo, natafsiri maelezo ya ugonjwa wa miguu wa kondoo, ule wa kuoza kwato. Nimeandika ‘Pili za bakteria hushika kwato, na mfululizo wa jeni umeonyesha mpangilio wa protini.’ Mwenzangu kasoma kaniuliza, za kwanza ziko wapi? Nimekosea nini?”

Marahaba mdogo wangu, na huyo mwenzako mshukuru maana kakusomea vile mfugaji angesoma. Hilo pili ni la Kilatini, wingi wa pilus, yaani unywele, wanasayansi wakalitumia kwa zile nyuzi nyembamba mno zinazochomoza kwenye mwili wa bakteria. Sasa sisi pili yetu tunayo, ya kuhesabia, na watoto wa kike tumewaita Pili toka enzi za bibi zetu, kwahiyo msomaji akifika hapo lazima akwame.

Kuna wanaoandika vinyweleo. Hapana jamani, kinyweleo ni kale katundu ka kwenye ngozi unakootea unywele, ni shimo, na sisi tunatafuta kitu kilichotokeza nje. Malaika ingefaa kwa maana, zile nywele laini za mkononi zinazosimama ukipigwa na baridi, ila ukiteleza kidogo tu ukaandika “malaika wa bakteria” badala ya “malaika ya bakteria” umeshampeleka msomaji mbinguni. Mi nakushauri uandike vinywele, umoja kinywele, na mara ya kwanza ueleze ni vya kufanyia nini.

Na hapo ndo kitenzi chako “hushika” kinapopungua. Huyu bakteria wa kwato, Dichelobacter nodosus, ambaye mtafiti Beveridge alimwelezea kule Australia mwaka 1941, anarefusha kinywele, kinanata mbele, afu anakirudisha ndani na mwili unafuata, kama mtu aliye ndani ya mashua anavuta kamba iliyofungwa gatini, mashua yenyewe ndo inasogea. Basi sema hunata na kujivuta. Jeni ya vinywele hivyo, fimA, ikiharibiwa bakteria anabaki hai lakini kondoo haumwi.

Tuje kwenye mfululizo. Siku tatu mfululizo, mvua ya mfululizo, neno hilo linasema jambo halikukatika. Lakini kwenye jeni habari sio kutokukatika, habari ni nani kamfuata nani: herufi 4 tu, A, T, G na C, ndivyo wanasayansi wanavyoziita kemikali zinazojenga jeni, na kila herufi 3 zinachagua asidi amino moja, yaani kipande kimoja cha kujengea protini, ukibadilisha zamu huenda ukapata protini nyingine. Kwahiyo ni mfuatano. Tena usiishie “mfuatano wa jeni”, maana mtu anaweza kudhani unazungumzia jeni moja baada ya nyingine, wakati wewe unataka kilichomo ndani ya jeni moja, andika “mfuatano wa herufi za jeni”. Na ukimaliza kuchapa pitia tena, nimeona maandishi ya watu jeni imegeuka jini kwa herufi moja tu.

Mpangilio nao uache, unachanganya na huo mfuatano. Umbo ni kitu unavyokiona kwa nje, muundo ni kilivyojengwa, na hapa unahitaji muundo: asidi amino zinaungana kama shanga kwenye uzi, uzi unajikunja unakuwa protini iitwayo pilini, halafu pilini nyingi zinasokotana kama nyuzi za katani mpaka kinatoka kinywele kimoja.

Nakazania hivi kwa sababu chanjo imekaa hapohapo. Bakteria hawa wana makundi 10, A mpaka I na M, herufi za fimA zinatofautiana kundi kwa kundi, pilini nayo inabadilika sura, basi kondoo aliyechanjwa kwa kundi moja kinga yake haimtambui wa kundi lingine. Kule Nepal kwenye miaka ya 1990 walipima kwanza makundi gani yapo kwenye mifugo ya milimani, wakachanja kwa hayo tu, na ule ugonjwa mkali ukatoka. Msomaji atafuataje kisa hicho kama hajui mfuatano ni upi na muundo ni upi?

Kitu kidogo tu, “ugonjwa wa miguu” usiliache peke yake, mfugaji atafikiria ugonjwa wa miguu na midomo, na ule ni wa kirusi. Sema kuoza kwato, ataelewa palepale, harufu yake anaijua.

Sentensi yako iwe hivi: “Bakteria wa kuoza kwato hunata na kujivuta kwa vinywele vyake, na mfuatano wa herufi za jeni ya fimA umesaidia kuonyesha muundo wa pilini, protini inayojenga vinywele hivyo.”