Ukitaka usuluhishi Kisumu, anza na orodha ya unaowajua

Vijana wanaonifuata wakitaka kuingia katika kazi ya usuluhishi, yaani kuamua migogoro nje ya korti (arbitration), huuliza kwanza habari ya cheti. Sawa, kitafute. Chartered Institute of Arbitrators, taasisi ya wasuluhishi, ina tawi Kenya tangu 1984, na mafunzo yake si ya mawakili peke yao. Wahandisi na wakadiriaji wa ujenzi wamo. Lakini cheti hakikuletei faili, yaani shauri la kuamua. Unapata faili pale mahasimu wawili wanapokubaliana, pengine kwa mara ya mwisho, kwamba wewe hutaegemea upande wowote. Na Kisumu hilo ni gumu kuliko mtihani.

Nairobi unaweza kumsikiliza mkandarasi ambaye hujawahi kumwona. Hapa mkandarasi alisoma Maseno na shemeji yako, mwenye jengo mnasali kanisa moja, na wakili wake mlikula naye samaki Dunga juzi. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Usuluhishi ya 1995 kinakutaka ufichue lolote linaloweza kutia shaka juu ya uadilifu wako, na wajibu huo unaendelea hadi shauri liishe. Mimi huandika yote kwa barua, hata yanayoonekana ya kipuuzi: mazishi tuliyokutana, harambee tuliyochangia pamoja. Wengi husoma, wakacheka, tukaendelea. Asiyecheka heri aseme sasa, kabla mashahidi hawajapanda matatu kutoka Siaya na Busia. Ukinyamaza, atakayeshindwa atazipata habari tu (mji huu hauna siri), naye ana miezi 3 tangu apokee uamuzi kuiomba Mahakama Kuu iubatilishe.

Halafu usome mkataba. Mikataba ya ujenzi na ya kupangisha maduka huku mara nyingi imenakiliwa kutoka mkataba mwingine, nao ukatoka kwingine, hadi unakuta kipengele kimoja kinamtaja mteuzi huyu na kingine yule. Mamlaka yako yote yanatoka kwenye karatasi hiyo, kwa hiyo hakikisha aliyekuteua alikuwa na haki ya kukuteua. Kama upande mmoja umeshakimbilia kortini, mwenzake anayetaka usuluhishi lazima aombe kesi isimamishwe kabla au wakati wa kujiingiza rasmi katika kesi hiyo. Akichelewa, nafasi imempita.

Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inazitaka mahakama zihimize njia hizi za kumaliza migogoro nje ya korti, na wapo waliodhani kazi itamiminika. Haikumiminika.

Pesa nazo zisemwe wazi, ingawa watu wetu huona haya. Agiza amana ya ada yako katika mkutano wa kwanza, kila upande fungu lake. Sheria inakuruhusu kuzuia uamuzi hadi ada ilipwe yote, ila mshindi anayeukosa uamuzi wake kwa sababu hasimu hajalipa atakuchukia kuliko aliyeshindwa, nami simlaumu.