Samaki wangu aina ya klauni anahema sana na ana ute mweupe, nimpe dawa gani?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu, naomba unisaidie haraka maana naona napoteza samaki. Nimeanza tangi la maji chumvi la lita 100, lina wiki tatu tu tangu nilijaze, juzi juzi nikaweka klauni wawili. Mmoja yuko poa, mwingine tangu jana kajibanza juu juu karibu na pampu, anahema haraka haraka, hataki kula, na ngozi imefifia ina kitu kama ute mweupe hasa kwenye ile rangi ya chungwa. Aliyeniuzia kasema niweke dawa ya kopa (ya madini ya shaba) humo humo tangini. Ndani kuna mawe ya baharini, konokono kadhaa na kamba mmoja. Alafu nilitaka kununua anemoni (yule mnyama wa baharini anayefanana na ua, klauni hujificha kwake), nasikia klauni asipokuwa nayo anaugua ugua, ni kweli?

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Kopa usiweke, tena kama ushaifungua ifunge. Itaua konokono na kamba wako, mawe na mchanga vitaifyonza kwa hiyo kiwango chake hutakiweza, na kwa dalili ulizotaja inawezekana kabisa ugonjwa wenyewe hausikii kopa. Kuna wauzaji ambao samaki akiugua chochote jibu lao ni kopa, hata hawaulizi maji yakoje.

Pima amonia sasa hivi, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki. Wiki tatu bado mapema, wale bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti alafu nitriti kuwa nitrati kwa kawaida wanachukua wiki nne mpaka sita kujaa vizuri, na we ushaingiza samaki wawili wanaokula na kunya humo humo. Amonia inaunguza matamvua, samaki anahema sana na kukimbilia juu kwenye oksijeni, ngozi nayo inatoa ute kujikinga, yani ukimwangalia tu huwezi kutofautisha na ugonjwa. Na kwa vile maji ya bahari yana pH (kipimo cha asidi) ya 8.1 hivi au zaidi, amonia ile ile inakuwa kali kuliko ingekuwa kwenye maji yenye pH ya chini. Inatakiwa isome sifuri, basi, hakuna cha "kidogo tu". Ikisoma kitu badilisha kama nusu ya maji, hayo mapya yawe yamekorogwa na chumvi ya akwaria mapema, hayana klorini, joto lile lile (nyuzi 25 au 26) na chumvi ile ile, 1.025 kwenye refraktomita (kifaa cha kupima chumvi) ni sawa. Ongeza hewa, chakula simamisha kwa siku moja hivi, alafu pima tena.

Kama amonia ni sifuri, au umebadilisha maji na bado anahema vile vile, hapo ndo tuongee magonjwa. Zima taa ya tangi, chukua tochi, mmulike kwa ubavuni. Ukiona vidoa vyeupe vya kuhesabika, saizi ya chembe ya chumvi, hao ni vimelea wanaoitwa Cryptocaryon, na hawa wana ujanja wao: vidoa vinadondoka vyenyewe baada ya siku chache, mwenye samaki anashangilia kapona, kumbe vimelea viko chini kwenye mchanga vinazaana na vitarudi vingi zaidi. Ukiona vumbi laini la rangi ya dhahabu mwili mzima ni kimelea kingine, Amyloodinium, huyo anaua ndani ya siku moja au mbili, usilale. Hao wawili ndo wa kopa, lakini kwenye tangi la pembeni na kipimo cha kopa mkononi. Ila ukiona ute mzito unaobanduka vipande vipande kwenye ngozi, basi ni kimelea cha tatu, Brooklynella, na mi nikisoma maelezo yako hapa ndo napaegemea zaidi, maana klauni wapya anawapata sana, hasa waliovuliwa baharini, na kopa haimgusi.

Dawa yake ni fomalini (kemikali kali ya kuua vimelea), kwa bafu la dakika 30 mpaka 60 kwenye chombo cha pembeni chenye maji ya chumvi na hewa nyingi sana, kwa sababu fomalini inakula oksijeni. Kipimo fuata kilichoandikwa kwenye chupa ya dawa ya samaki, vaa glavu, fungua madirisha, na ukikuta mashapo meupe chini ya chupa itupe, hayo ni sumu kali kwa samaki. Akianza kulala ubavu mtoe hata kama muda haujaisha. Akitoka huko asirudi tangi kubwa, aende karantini: beseni la plastiki safi, hita, pampu ya hewa, kipande cha bomba la plastiki ajifiche, hakuna mawe wala mchanga. Huko nako hakuna bakteria kwa hiyo amonia itapanda, badilisha maji mara kwa mara. Bafu linarudiwa baada ya siku moja au mbili kutegemea hali yake. Na yule aliye poa apelekwe pia, kakaa nae maji mamoja huyo.

Tangi kubwa liache bila samaki wiki sita au zaidi (kama ilikuwa vidoa vyeupe, wafugaji wengi wanahesabu siku 76), kamba na konokono wabaki humo, watie chakula kidogo, hapo bakteria nao watapata muda wa kukomaa.

Anemoni hapana, sio kweli. Klauni wengi wanaofugwa wamezaliwa tangini na hawajawahi kuiona na wanaishi miaka. Yenyewe inataka taa kali na maji yaliyotulia kwa miezi, na ikifia humo inaoza na kuchafua tangi zima, utarudi kwenye amonia ile ile.